Hema la Jasho la Wifi Yangu

Wiki iliyopita mliniacha nimepiga magoti chumbani kwa wifi yangu, kiti cha kukunja kimelala ubavu mbele yangu, na vidonge vya mume wangu vikimwagika kutoka kwenye bomba la mguu wa kiti hicho. Nilikuwa nakifuta jasho tu. Nilipokigeuza, kizibo cha mpira kikachomoka, na dawa zikatoka moja baada ya nyingine mpaka zulia likawa na madoa meupe.

Kwa aliyenikuta leo, nisimchoshe. Mume wangu ni dereva wa malori makubwa. Wenzake wanamwita Taratibu, kwa sababu hajawahi kumkimbiza mtu barabarani wala kukubali kukimbizwa. Miezi michache iliyopita alizimika akiwa kwenye usukani, kwenye teremko, na lori likaenda kujikita kwenye lundo la mchanga. Hakufa mtu. Daktari akasema ni presha, akampa vidonge vya kumeza kila siku, akamkataza usukani mpaka amruhusu mwenyewe.

Ndipo dada yake mkubwa, mjane, akaja kutusaidia kuuguza. Alikuja na sanduku lenye magurudumu, na ndani ya sanduku kulikuwa na hema.

Ni hema la mtu mmoja, rangi ya fedha, likisimama unaweza kudhani ni kabati. Unaingia, unaketi kwenye kiti cha kukunja, unafungiwa zipu mpaka shingoni, kichwa kinabaki nje. Pembeni kuna matundu mawili ya kutolea mikono. Ndani kuna vibao vyeusi vinavyotoa joto la miale usiyoiona. "Halichemshi hewa hili," wifi hupenda kueleza, "linakuingia mwilini moja kwa moja." Mdomoni namwita wifi. Moyoni namwita Jenerali, na hapo nimejitahidi kuwa na adabu.

Basi nikaviokota vile vidonge, nikavifunga kwenye kipande cha kitambaa, nikaenda nacho sebuleni. Walikuwa wanakunywa chai, kaka na dada, wametulia kabisa.

"Baba watoto, hivi ni nini?"

Kabla ya kunijibu alimtazama dada yake. Hilo liliniuma kuliko vidonge vyenyewe.

"Ni dawa," akasema.

"Nimeona ni dawa. Zilikuwa zinafanya nini kwenye mguu wa kiti?"

"Nilikuwa nitakwambia."

"Lini? Nikishakuwa mjane?"

Neno likanitoka, na mjane mwenyewe ameketi pale pale na kikombe mkononi. Nilitamani sakafu inimeze.

Wifi hakukasirika. Angekasirika ningepumua. Aliweka kikombe chini polepole, akajifuta midomo, akapigapiga kochi kwa mkono nikae.

"Wifi, usimgombeze. Mimi ndiye niliyemwambia aache. Jasho linatoa sumu, kidonge kinairudisha. Sasa tutakuwa tunafanya kazi gani humu ndani? Mmoja anadeki, mwingine anamwaga tope?"

"Daktari alisema kila siku."

"Daktari anamwona mara moja kwa mwezi. Mimi namwona kila asubuhi na kila jioni. Na mashine je? Mashine nayo ni muongo?"

Mashine ya kupimia presha ilikuja kwenye sanduku lile lile. Kila mume wangu anapotoka hemani, jasho likimchuruzika mpaka kwenye visigino, wifi humvalisha mkanda mkononi, akabonyeza, akasubiri, kisha akanigeuzia kioo nami nione. Namba zilikuwa nzuri. Siku zote zilikuwa nzuri. Mimi ni fundi cherehani, ningebishana vipi na mashine.

 Nikarudi kwenye chumba changu cha kushonea, nikaketi mbele ya cherehani bila kukanyaga pedali.

Mume wangu akanifuata. Akasimama mlangoni, akiwa amejishika kwenye fremu kama mgeni.

"Umenuna."

"Sijanuna. Naogopa."

Akaingia, akaketi kwenye kiti wanachokalia wateja wakisubiri.

"Nikwambie kitu," akasema. "Nikifumba macho kitandani, naliona lile teremko. Nikila, naliona. Ukinisemesha hapa, naliona nyuma ya kichwa chako. Nikikaa kwenye lile hema, joto likanishika miguu likapanda, halipo. Ni humo tu. Sijui kwa nini. Usininyang'anye."

Nililia. Sioni aibu kusema. Nililia kwenye pindo la gauni la mteja, ikabidi nilipige pasi tena.

"Sikunyang'anyi hema," nikamwambia. "Kaa humo mpaka uive. Lakini na dawa umeze. Vyote viwili, baba watoto."

"Dawa zinanilegeza. Dereva aliyelegea anaendesha nini?"

"Nani kasema unaendesha?"

 Aliinuka akachungulia dirishani, barabarani, kama mtu anayengoja kuchukuliwa.

Jioni ile wifi akaniita chumbani kwake. Hema lilikuwa limeshawashwa, linaunguruma kidogo.

"Ingia na wewe," akasema. "Umeinamia cherehani miaka yote hiyo, mabega yamekuwa ubao. Usilisengenye usilolijua."

Nikaingia. Nami sitawadanganya wasomaji wangu, lilikuwa tamu. Joto lilianza kwenye nyayo, likapanda magotini, likafika kwenye yale mabega ambayo huwa nayasikia hata nikiwa usingizini, na kwa mara ya kwanza tangu mume wangu azimike, shingo yangu ililegea. Nilielewa kwa nini hataki kutoka.

Wifi alivuta kigoda akaketi karibu na kichwa changu. Ukiwa humo huna pa kwenda. Mwili umefungiwa, sikio liko nje. Yeye huongea hapo, kwa sauti ya chini, na wewe unasikiliza tu.

Aliniambia habari za marehemu mume wake. Kwamba alifia wodini, mkono una dripu. Kwamba walimpa vidonge vya rangi zote mpaka akaisha. "Nilikaa pale nikiangalia," akasema. "Sitakaa tena kuangalia."

Nilimhurumia. Nikashusha macho nisitazamane naye, ndipo nikaiona zipu. Fundi haachi ufundi wake mlangoni. Kichwa cha zipu kilikuwa na kishikio cha nje, lakini cha ndani hakikuwepo. Kilibaki kisiki cha chuma kimepinda.

"Wifi, hiki kilikatikia wapi?"

"Safarini," akasema haraka. "Ndicho nilichokuitia. Zipu yenyewe inagoma njiani. Na haya matundu ya mikono yanavujisha joto. Mdogo wangu hatulii, kila mara anatoa mikono ashike simu. Yashone, uyazibe. Zipu nayo ubadilishe."

"Nitaweka yenye vishikio viwili, ndani na nje."

"Ya nini? Nje si nipo mimi? Weka ya nje tu, joto lisivuje."

Hapo ningekataa. Ningekuwa nimesimama kwenye miguu yangu, nimevaa nguo zangu kavu, ningekataa. Lakini nilikuwa nimeiva, nimelegea, na nikadhani mimi ndiye mjanja.

"Nikishona, anarudi kwenye vidonge?"

"Anarudi. Mbele ya macho yako, kila asubuhi."

Tukapatana hivyo, mimi nikiwa nimefungiwa mpaka shingoni.

Kesho yake mume wangu alimeza kidonge mezani. Niliona koo likicheza. Furaha niliyokuwa nayo, nilishona nikiimba. Nilitia sindano nene ya kushonea jinzi, maana kitambaa kile kina matabaka, nikayaziba matundu ya mikono kwa mishono miwili miwili. Vichwa vya zipu nilivyokuwa navyo vilikuwa vya masanduku, vya kishikio kimoja. Nikafunga hicho, kwa nje, kama nilivyoagizwa. Kazi ilitoka safi, hata Jenerali alinisifu.

Siku chache baadaye nilikuwa naosha vyombo. Nikainamisha kikombe cha mume wangu kumwaga machicha ya chai, kidonge kikateleza kikaangukia kwenye sinki. Kilikuwa kimeanza kulainika.

Sikusema neno na mtu. Nilichukua sare ya nesi mmoja, mteja wangu, iliyokuwa imeshakamilika, nikasema naipeleka. Wifi alikuwa anaandaa hema. Mume wangu alikuwa anavua shati.

"Usichelewe," wifi akaniambia. "Leo tunampa muda mrefu kidogo."

Nesi nilimkuta kwenye chumba cha kudunga sindano, hana mgonjwa. Aliijaribu sare, akajitazama, akaridhika. Ndipo nikamweleza yote, nusu nikisimama, nusu nikikaa.

"Na mnampima?" akaniuliza.

"Kila siku. Mashine inasema nzuri."

"Mnampima muda gani?"

"Akitoka hemani."

"Akitoka tu? Na jasho lake?"

"Ndiyo. Hapo hapo."

Nesi akaacha kukunja sare.

"Dada yangu, joto linatanua mishipa. Presha inashuka, kwa muda, kisha inarudi. Mnampima wakati pekee ambao lazima muone namba nzuri. Mwacheni apoe kabisa, akae ametulia, ndipo mpime. Hapo mtamjua alivyo."

Miezi yote ile. Tulikuwa tunajipongeza mezani.

"Kwa hiyo hema ndilo baya?"

"Hema si adui. Wapo wanaolitumia wakapumzika, wakalala vizuri. Lakini mtu wa presha kali, kaacha dawa, anatolewa jasho hivyo kila siku? Anaweza kuzimika humo humo. Asiachwe peke yake hata kidogo. Na akijisikia vibaya awe anaweza kujifungulia mwenyewe na kutoka. Zipu si inafunguka kwa ndani?"

Nikautazama mkono wangu wa kulia. Ndio ulioifunga ile zipu, huo.

Sikumbuki niliaga vipi. Nakumbuka kandambili zilikatika nikaziacha, nikaingia uani kwangu pekupeku.

Nyumba ilikuwa kimya. Sebuleni hakuna mtu. Jikoni hakuna mtu. Kutoka chumbani kwa wifi nikasikia ule mngurumo wa hema.

Nikasukuma mlango. Hema limesimama, limefungwa mpaka juu. Kichwa cha mume wangu kimelalia bega, taulo limemfunika uso. Kigoda cha wifi kilikuwa kitupu.

"Baba watoto."

Nikasogea karibu.

"Baba watoto, niitikie."

Nikavuta zipu. Ikashuka kidogo ikagoma. Nikaivuta tena, ikauma kitambaa. Mimi mwenyewe niliyeifunga, nikashindwa kuifungua. Nikakimbia kwenye chumba changu, nikachukua mkasi wangu mkubwa, ule ambao hata mtoto wangu nimewahi kumchapa kwa sababu aliukatia karatasi, nikalipasua hema kuanzia shingoni mpaka chini.

Joto likanipiga usoni. Mume wangu akagutuka, akapiga kelele, akaanguka kifuani kwangu.

"Una wazimu wewe?"

Alikuwa amelala. Usingizi tu, jamani. Nikamkumbatia na jasho lake lote, nikacheka, nikalia, sijui kipi kilitangulia. Yeye alikuwa anatazama hema.

"Umekata hema la dada."

Wifi alitokea mlangoni akiwa amebeba beseni la nguo alizokuwa anaanika nyuma ya nyumba. Akalitazama hema, akaliweka beseni chini. Alisogea, akaupitisha mkono kwenye ule mpasuko, toka juu mpaka chini.

"Umeniua, wifi," akasema.

Alilisema taratibu, bila kelele.

Nikajikaza. Nikawaambia maneno ya nesi, yote, neno kwa neno. Kwamba tumekuwa tukipima mtu akiwa moto. Kwamba leo tutampima akishapoa. Wifi alitikisa kichwa, lakini mume wangu akanyanyua mkono.

"Tupime," akasema. "Nimechoka. Ikiwa juu, narudi kwa daktari leo hii, nameza dawa zote hata na kopo lake. Ikiwa nzuri, mke wangu, hilo neno la dawa sitaki kulisikia tena ndani ya nyumba hii. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana."

"Dada?"

Wifi alilitazama hema kwanza. "Tumekubaliana," akasema.

Mume wangu akaoga, akavaa, akaketi sebuleni. Tukakaa watu watatu tunatazamana tukingoja mwili wa mtu upoe. Nilikuwa namwomba Mungu namba iwe mbaya. Hebu fikiria, mke anaomba hivyo.

Honi ikalia nje. Si honi ya gari dogo.

Mume wangu alisimama kabla ya sisi kugeuka. Ilikuwa honi ya lori lake.

Msimamizi wa yadi ya malori aliingia bila kusubiri kukaribishwa, funguo zinamning'inia kidoleni.

"Taratibu, niokoe. Yule kijana niliyempa gari lako kaacha kazi asubuhi. Mzigo umeshapakiwa, mwenye mzigo ananipigia simu kila nikipumua. Nimelileta mwenyewe mpaka hapa mlangoni."

"Daktari hajamruhusu," nikasema.

"Shemeji, mimi sihitaji daktari, nahitaji dereva." Akamgeukia mume wangu. "Dada yako aliniambia umepona. Au hujapona?"

Nikamtazama wifi. Akatazama zulia.

"Niachie funguo," mume wangu akasema. "Nakuja."

Msimamizi akaziweka mezani, akamshika bega, akatoka akaita pikipiki. Mume wangu alibaki anazitazama zile funguo. Tangu aanze kuugua sikuwa nimemwona na macho yale.

"Haya, pima," akamwambia dada yake. "Nimepoa."

Wifi akamvalisha mkanda.  Akabonyeza. Mkanda ukajaa, ukabana, ukaanza kulegea. Kioo kilikuwa kimemwelekea yeye, nami nikainuka kwenye kochi nikainama juu ya bega lake.

Niliziona namba. Ile ya juu ilikuwa imepita hata ile ya siku waliyomleta kutoka kwenye lundo la mchanga.

Wifi naye aliiona. Nilisikia pumzi ikimkatika. Kisha kidole gumba chake kikabonyeza, kioo kikazima.

"Nzuri," akasema. "Nzuri kuliko ya jana."

Mume wangu akafumba macho, akashusha pumzi ndefu.

"Umesikia," akaniambia.

"Nimeona, baba watoto. Iko juu mno. Anakudanganya. Mwambie awashe tena."

"Dada yangu hajanidanganya tangu nizaliwe."

"Basi awashe. Ni kubonyeza tu."

"Mashine imeisha betri," wifi akasema.

Mume wangu akanitazama mimi, akamtazama dada yake, na kwa kitambo kidogo nilidhani ameelewa. Alinyoosha mkono kuelekea kwenye mashine. Ungekwenda mbele kidogo tu. Lakini uliishia kwenye funguo.

"Umekata hema," akaniambia. "Sasa unataka na kazi yangu. Nimekaa kwenye kochi hili mpaka limechukua umbo langu. Tulikubaliana, mama. Usinifuate nje, wataona."

Akatoka.

Nilimshika wifi mikono yote miwili, hivi, juu ya viwiko.

"Kwa nini?"

Nje lori lilinguruma. Niliijua kawaida ya mume wangu, haondoki mpaka upepo wa kuachia breki ujae. Atakaa anasikiliza injini, macho kwenye mishale ya dashibodi, mpaka aridhike. Hiyo nayo ni sababu ya kumwita Taratibu. Nilikuwa na muda, kidogo.

"Wifi, kwa nini? Ni mdogo wako. Umeiona ile namba."

"Ikiwa iko juu," akasema, "basi hema halikumsaidia."

"Halikumsaidia. Basi. Twende tukamzuie."

"Na kama halikumsaidia yeye…" Akageuka kutazama chumbani kwake. "Marehemu hakufia wodini."

Nikamwachia mikono.

"Nilimweka humo nikaenda dukani. Si mbali. Niliporudi kichwa kilikuwa kimelala, nikafikiri ni usingizi. Kile kishikio cha zipu, cha ndani, alikuwa nacho mkononi. Amekishika hivi. Wodini nilimpeleka ili watu waseme alifia wodini."



"Nikajiambia hakufuata masharti," akaendelea, kwa sauti ile ile anayoongea nayo pembeni ya hema. "Alikuwa anatoa mikono, joto linavuja. Kwamba akipatikana mtu akafuata masharti yote, akapona, basi sikumuua mimi. Nikamchagua mdogo wangu kwa sababu ananisikia."

"Na leo? Leo ulimwachaje peke yake?"

"Nilitaka nitoke," akasema. "Nitoke, nirudi, nimkute mzima. Mara moja tu nimkute mzima."

Nje breki zikatoa ile pumzi yao ndefu ya kuachiwa.

Nilikimbia. Nilipita mlango, nikapita kibaraza, nikakatiza ua nikaingia barabarani mbele ya lori, mikono juu, pekupeku kama nilivyorudi kutoka kwa nesi. Nilikuwa na maneno yote tayari mdomoni. Nilijua nikimwambia habari za marehemu, za kile kishikio mkononi, atazima injini.

Wifi alinifuata akaishia getini. Nilimsikia akiita, "Mdogo wangu, shuka. Shuka, nimekudanganya. Nimekudanganya, shuka."

Lori lilikuwa limeshaanza kuja, polepole, kwa ule mwendo wake wa kawaida. Nikainua macho kwenye kioo nimwonyeshe uso wangu.

Alikuwa amekaa wima, mkanda wa kiti umemshika vizuri, na macho yake yamenielekea mimi bila kupepesa. Mikono yake haikuwa kwenye usukani.